Viti Vimeshatosha

Nje ya baa ya Piera, pale uchochoro wa maseremala unapotokea kwenye barabara ya kwenda Como, kuna benchi lisiloandikwa jina la mtu, lakini Cantù nzima, mji wa mafundi wa samani huko Italia, inajua nani hukaa wapi. Upande wa ukutani ni wa Cesarino, waliyembatiza Wakili. Si kwamba aliwahi kusomea sheria, alikuwa tarishi wa mahakama mpaka akastaafu, na lugha ya mahakimu ikamganda mdomoni kama gundi. Katikati hukaa Ines, jina la kijiweni Sindano, fundi wa kuvalisha makochi, mwanamke mwenye vidole vigumu na ulimi mkali kuliko kazi yake. Kando yake ni Tullio Vanishi, mpaka rangi wa samani, ambaye haamini kitu chochote mpaka akinuse. Na mwisho wa benchi, karibu na mlango, ni mahali pa Ermanno, aitwaye Fremu, kwa sababu maisha yake yote ametengeneza mifupa ya viti: miguu, migongo na mikono; nyama na ngozi huwaachia wengine. Ikifika saa nne asubuhi karakana hunyamaza, Piera huleta kahawa katika vikombe vidogo vizito, na nchi huanza kuendeshwa upya kutokea hapo.

Wiki hiyo ya Septemba karakana zilikuwa zimefunguliwa tena baada ya mapumziko ya Agosti, na benchi lilikuwa limerudia shauri lake la kudumu, timu ya mpira wa kikapu, kama kocha mpya ni mtu au ni mzigo. Tullio alikuwa ameshatoa hoja za kutosha za kumfukuza kocha huyo, ambaye hata mechi moja hajasimamia, Ermanno alipotokea. Hakusalimu. Alikaa, akapokea kikombe, akakimaliza bila sukari, naye ni mtu wa vijiko vitatu. Ines alimkagua kuanzia viatu mpaka kichwani, akaona hana kofia. Hawakuwahi kumwona barabarani bila kofia isipokuwa msibani.

—Nani kafa? — Ines aliuliza.

—Hajafa mtu. Kamuulizeni Noemi.

Noemi ni binti yake, mtoto wake wa pekee, na tangu mama yake afariki walikuwa wamebaki wawili nyumbani. Mwezi Julai alifaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu huko Milano, na siku majina yalipotoka Ermanno ndiye aliyewanywesha watu wote wa kijiweni, hata Wakili ambaye daktari alishamkataza pombe. Msichana alikuwa amefaulu vizuri kiasi cha kuachiwa achague mwenyewe: akitaka, asomee usanifu wa ndani, yaani vyumba na samani zake, akitaka, usanifu wa bidhaa za viwandani. Ermanno hakuona kama hapo kuna cha kuchagua. Mtoto aliyejifunza kutembea kwa kushika miguu ya viti atasomea nini tena? Alikwenda kwa mchora vibao akaagiza kibao kipya cha mlango wa karakana, kikiwa na jina la ukoo, na chini yake, kwa rangi ya dhahabu, maneno mawili: "na Binti". Kilikuwa kimeshakauka. Alikuwa akingoja tu masomo yaanze akitundike.

Asubuhi hiyo, mezani, Noemi akamwambia kwamba ameshathibitisha nafasi yake, na amechukua bidhaa. Ermanno akauliza bidhaa gani. Akajibiwa, vitu wanavyotumia watu. Akasema hata kiti kinatumiwa, au chuo kinadhani watu wanakitundika ukutani? Noemi akachovya biskuti kwenye maziwa, akaitazama inavyolowa, akasema maneno ambayo baba yake aliyabeba kutoka nyumbani hadi barazani kwa Piera kama aliyebeba kaa la moto mdomoni.

—"Viti vimeshatosha, baba." Ndivyo alivyoniambia. Viti vimeshatosha.

Hapakuwa na mtu pale ambaye hakulishwa na viti. Hata Wakili, ambaye maishani hajashika randa, baba yake alikuwa akisuka makalio ya viti kwa matete, na yeye alikwenda shule kwa viatu vya kazi hiyo.

Wakili ndiye aliyefungua kesi. Alisema mtoto hana hatia, maana mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwa kuwa Ermanno si nyoka, basi aliyemuuma binti ni mtu mwingine, na mtu huyo ni chuo. Zamani, akasema, kulikuwa na shule moja: shika randa au toka nje. Siku hizi mtoto anafika mlangoni anakuta milango mingine minne. Kuna usanifu wa bidhaa, kuna wa ndani, kuna wa mitindo, kuna wa mawasiliano. Akihangaika nao miaka mitatu anaongezewa miwili, na hapo anaambiwa achague tena upya, kama mtu aliyekwenda sokoni kununua kitunguu akarudi na ramani ya soko.

—Mawasiliano yanasanifiwaje? — Ines aliuliza.

—Wanachora namna ya kuongea, — alijibu Wakili. — Halafu wanakupa shahada. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi naongeza: ukiona vyazama, vimesomewa.

Tullio alisema yeye hana haja ya wahenga, anayo pua. Kijana wa jirani yake alisomea usanifu miaka mitano, akarudi na ndevu. Siku aliyopita kusalimia, Tullio alimkumbatia makusudi ili amnuse. Hakunuka gundi, hakunuka vanishi, hata vumbi la mbao hakuwa nalo. Alinuka sabuni. Mtu aliyesomea vitu miaka mitano hana harufu ya kitu hata kimoja, sasa huo ni usomi au ni kutakaswa?

Ermanno alikuwa akiwasikiliza na hasira zake zikipata joto, kama mtu aliyekuta moto wa jirani umeshawaka. Alisema kinachomuuma si kwamba anakwenda Milano. Milano ni treni moja tu. Kinachomuuma ni hiyo "vimeshatosha". Angesema viti vinamchosha, angemwelewa. Hata yeye kuna siku vinamchosha. Angesema anataka kuolewa na baharia, angemtafutia koti la mvua. Lakini kumwambia baba aliyemlea kwa viti kwamba viti vimetosha, ni sawa na kumwambia: baba, na wewe umetosha.

Hapo Ines alichomoa sindano. Alisema hawa wenzake wanazungukazunguka na jambo liko wazi. Huko Milano wameamua kutusimamisha. Nendeni mkaone wenyewe, akasema: kahawa wanakunywa wima, chakula cha mchana wima, kwenye treni wima, na kwenye ofisi mpya wameweka meza ndefu za kusimamia eti ni nzuri kwa mgongo. Yeye mgongo wake ameuharibu akiwatengenezea watu mahali pa kupumzishia migongo yao, hakuna aliyemuuliza habari ya meza ndefu. Mtu akikaa anafikiri, akifikiri anauliza. Kwa hiyo wakubwa wameona dawa ni kuondoa viti, na kwa sababu hawawezi kuja Cantù kutuchomea karakana, wanawachukua watoto wetu na kuwafundisha waje watuambie wenyewe.

—Kikulacho ki nguoni mwako, — Wakili akaunga mkono.

—Umesema nguoni? — Tullio akadakia. — Basi hujui mwenyewe ulivyosema kweli.

Akaeleza, kwa sauti ya chini kama anayetoa siri ya ndoa, kwamba ameona kwenye televisheni suruali ya wafanyakazi wa kiwandani iliyotiwa vyuma miguuni. Mtu yuko wima anafanya kazi yake. Akichoka anakunja magoti kidogo, vyuma vinakaza, na basi, amekaa. Amekalia suruali yake mwenyewe. Hakuna fremu, hakuna godoro, hakuna vanishi. Kiti kinavaliwa. Hicho ndicho kitu wanachofundisha kwenye hiyo bidhaa, akasema, na miaka kumi ijayo hakuna nyumba itakayokuwa na kiti; mgeni akija ataambiwa karibu ukae, atakaa palepale mlangoni alipo.

Ines aliuliza suruali hiyo wameivalisha kitambaa gani. Tullio akasema nailoni. Ines akafumba macho kama aliyepewa habari za kifo cha mtu wa mbali.

Wakili yeye aliona mbali zaidi. Alitaka kujua mtu aliyevaa suruali kama hiyo akiingia mahakamani, hakimu akaamuru watu wasimame, huyo atahesabiwa amesimama au amekaa? Maana miguu iko chini, makalio yako hewani, na sheria haimjui mtu wa namna hiyo. Nchi nzima itakuwa na kesi ya kudharau mahakama. Akajikuta amenoga, akanyanyua kidole, akahitimisha.

—Na haya yote ni kwa sababu moja. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Alikusudia kusema kwamba chuo ni ulimwengu, na ulimwengu ni mbaya. Lakini methali ikishatoka haina mwenyewe. Ines alimkanyaga mguu, amechelewa. Ermanno aliweka kikombe kwenye kisahani taratibu sana, kama anayeogopa kisivunjike. Adele, mkewe, alikuwa amelala makaburini juu ya mlima tangu majira ya baridi Noemi alipokuwa na miaka kumi na sita, na watu wa benchi hili ndio waliolibeba jeneza.

—Sikumaanisha hivyo, kaka Ermanno, — Wakili alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mahakamani.

—Najua.

Lakini jambo lile halikumtuliza, lilimpandisha. Alisimama. Alisema kama Adele angekuwepo haya yasingefika hapa, na kwa kuwa hayupo, atakwenda yeye. Kesho kutwa anapanda treni mpaka Milano, anaingia kwenye hicho chuo, anamtafuta mkubwa wao, na anamwambia amrudishe mwanawe kwenye samani kabla masomo hayajaanza.

Benchi lilimpokea kwa shangwe ya chini kwa chini, maana hasira ikipewa safari hugeuka sherehe. Hawezi kwenda peke yake, akasema Ines, wataenda wote. Tullio akasema waende na kiti, kile cha mikono ambacho Ermanno alikitengeneza kwa ajili ya maonesho makubwa ya samani ya Aprili, na yeye mwenyewe atakibeba kichwani kutoka stesheni. Ines akasema watamkalisha huyo mkubwa juu yake, wamwache atulie, halafu wamuulize kama kimetosha. Wakili akasema atavaa tai. Wakaanza kubishana kama treni ya saa mbili ina nafasi ya kiti, na kama kiti kitakatiwa tiketi.

Hakuna aliyemkumbuka mwanamke aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti cha baa. Lori lake la mbao kutoka Slovenia lilikuwa limeegeshwa ng'ambo, likingoja geti la ghala lifunguliwe. Jina lake lilikuwa Milena, kama lilivyoandikwa kwenye kioo cha mbele cha lori, mtu mzima, mabega mapana, na Kiitaliano chake kilikuwa cha kuokoteza barabarani, neno hapa neno pale. Alikuwa amemaliza kahawa yake zamani na amesikia yote. Alisubiri wapumue.

—Samahanini, wazee wangu. Huyo binti, kama hataki viti, anataka kutengeneza nini?

Tullio akasema ni simu. Ines akasema ni mabirika ya umeme, ndiyo wanayoyapenda. Wakili akasema vyombo kwa ujumla. Milena akatikisa kichwa kwa adabu.

—Hayo mmesema ninyi. Yeye kasemaje?

Wote watatu wakamgeukia Ermanno. Alijirudisha mezani asubuhi, biskuti, maziwa, akatafuta mahali alipouliza, akakuta ameuliza bidhaa gani na hakungoja. Ameuliza kuhusu viti, na alipojibiwa kuhusu viti akatoka. Alikwenda nyuma zaidi, mpaka Julai, mpaka siku ya majina. Huko nako alikuwa ameagiza kibao.

Geti la ghala liligugumia, likafunguka. Milena alirudisha kikombe juu ya kaunta, akamshukuru Piera, akavuka barabara. Ermanno naye akaondoka upande wa pili, bila kuaga kama alivyokuja bila kusalimu, na hakuelekea karakana.

Alimkuta Noemi jikoni akimenya maharage mabichi, bakuli mapajani na maganda kwenye gazeti. Msichana alipomwona amerudi saa ile alijiandaa kwa vita, alinyoosha mgongo. Ermanno alivuta kiti, akakaa, akachukua konzi ya maharage na yeye akaanza kumenya. Kisha akamuuliza, kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia kuwa ngeni, anataka kutengeneza nini.

Noemi alimtazama kwanza kama kuna mtego. Hakuona mtego.

—Kile chuma cha kutundikia dripu.

Hakumwelewa. Noemi akaeleza. Ule mti wa chuma wa hospitali, wenye ndoano juu na magurudumu chini, ambao mgonjwa huusukuma akitaka kutembea. Mama alikuwa nao. Kule wodini, mwisho wa korido, kulikuwa na dirisha ambalo siku isiyo na ukungu mtu anauona mlima Resegone wote na theluji yake. Mama alipenda kwenda pale saa za jioni, Noemi akitoka shule. Walikuwa wakienda pamoja, yeye amemshika mkono wa kushoto, mama anasukuma chuma kwa mkono wa kulia. Kwenye mlango wa wodi, chini, kulikuwa na ukanda wa bati. Kila siku gurudumu lilinasa pale. Chuma kinayumba, mfuko unacheza juu, sindano inamvuta mama kwenye mshipa, na mama anaomba radhi. Anamwomba radhi nesi, anamwomba radhi Noemi. Anasema ni mimi, mwanangu, mikono haina nguvu.

—Halafu siku moja akaniambia tusiende tena. Alisema mlima ameshauona. — Noemi alimenya ganda moja, akatoa punje, akaliweka ganda kwenye gazeti. — Wewe ulidhani aliacha kutembea kwa sababu ya ugonjwa. Daktari naye aliandika hivyo. Hakuacha kwa sababu ya ugonjwa, baba. Aliacha kwa sababu ya gurudumu.

Majira yale ya baridi Ermanno alikuwa akimaliza viti vya maonesho. Alikuwa akifika wodini usiku na kumkuta Adele amelala. Hakuwahi kukisukuma chuma kile hata mara moja.

Noemi aliendelea, sasa hakuhitaji kuulizwa. Alisema alikwenda chuoni siku ile wanapowafungulia milango watu wote, akazunguka kwenye meza zote kuuliza wapi watu husomea kitu kama hicho. Kwenye uhandisi walimwonesha gurudumu, zuri sana, lenye mahesabu yake. Kwenye usanifu wa ndani walimwonesha korido na mlango, na rangi za kutuliza wagonjwa. Kwenye bidhaa alimkuta mwalimu mmoja mama aliyemuuliza: huyo aliyekuwa anasukuma alikuwa na kimo gani, na alishikia wapi? Akajua amefika. Huko kwingine wangemfundisha gurudumu peke yake au mlango peke yake. Yeye alitaka gurudumu na mlango na mama, vyote kwa pamoja.

—Mbona hukuniambia mapema?

—Nikianza habari za hospitali huwa unatoka nje, baba. Siku zote. Unasema gundi itakauka.

Ilikuwa kweli. Alitazama mikono yake. Akatafuta kitu cha kuuliza ambacho mtu kama yeye anaweza kuuliza.

—Huo ukanda wa bati ulikuwa na unene gani?

Noemi alichagua haragwe moja kwenye bakuli, akalilaza juu ya meza mbele yake.

—Hivi.

Ermanno aliliinamia lile haragwe akalitazama muda mrefu sana. Kisha alifuta macho kwa kiganja chenye vumbi la mbao, jambo ambalo seremala yeyote anajua halifanyiki, na Noemi akainuka kumletea kitambaa chenye maji.

Siku ya safari, saa mbili kasoro, benchi lilikuwa limetimia mapema kuliko kawaida. Wakili amevaa tai. Tullio amevaa shati jeupe na ameleta kamba ya kufungia kiti. Ines amekuja na shuka la kukifunika kisipate vumbi la stesheni. Piera alikuwa amewawekea kahawa ya kwanza bila kuagizwa. Ermanno alikuja mikono mitupu, kofia kichwani, akawasalimu mmoja mmoja kwa jina, akakaa mahali pake.

—Hatuendi, — alisema.

Kisha akawaambia. Hakuwa msimuliaji, aliisema kama anayepanga mbao, moja juu ya nyingine: dirisha, mlima, bati, gurudumu, haragwe. Alipofika kwa Adele akiomba radhi Ines akamgusa bega, naye akaendelea. Lakini kadiri alivyokaribia mwisho hasira ya jana na juzi ilirudi, ila ilikuwa imegeuza uso. Alisema mji huu wote ni wa mafundi. Tumewatengenezea viti maaskofu na mabwana wakubwa na mbwa wao. Kuna watu hapa wamekesha kwa sababu mkono wa kiti umepinda upana wa unywele. Na katika sisi wote, na katika wote tuliolala hospitali na tuliokwenda kutazama wagonjwa na maua yetu mkononi, hakuna hata mmoja aliyeinama akatazama kitu kile chini kina nini. Mtoto wa miaka kumi na sita ndiye aliyeinama. Na sisi tulitaka kumpelekea mwalimu wake kiti kichwani.

Walimgeukia Wakili, maana hapo ndipo methali huingia. Wakili alilegeza tai, akaitazama kahawa yake.

Aliyesema ni Tullio. Aliwekewa nyonga ya chuma mwaka juzi, na kwa muda wote tangu hapo hakuwahi kuongelea zile siku za hospitali isipokuwa kuulaani mchuzi wao.

—Mimi changu kilikuwa kinanasa mlangoni mwa choo. Kila mara. Nesi ananiambia, kinyanyue kidogo, mzee. Nikawa nakinyanyua, na kidonda hiki hapa kinavutika. — Alijishika nyongani, juu ya shati jeupe. — Siku moja sikuwahi. Mlangoni palepale, mbele ya watu.

Ines hakumtazama, ili asimwaibishe. Alikuwa akilikunja shuka, akilikunjua, akilikunja tena. Akasema mama yake naye, mpaka anakufa, alikuwa akitembea kwa kukiburuta chuma hicho.

—Hata siku moja sikulaumu kile chuma, — Tullio aliendelea, pole pole, kama mtu anayesikia maneno yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. — Nilidhani ni mimi sijui kusukuma.

—Adele naye alidhani hivyo hivyo, — alisema Ermanno.